Namna nilivyojifunza kuusimulia mwaka wangu kwa Kihispania

Swali lenyewe lilikuwa dogo tu. ¿Qué has logrado este año? Umefanikiwa nini mwaka huu. Profe wangu wa kwanza, yani mwalimu, mama mmoja wa Valladolid kule Hispania ambaye kamera yake siku zote ilionyesha nusu ya uso na rafu ya vitabu kwa nyuma, aliniuliza hivyo kwenye somo la mwisho la Desemba 2022, mimi nikiwa na miezi tisa ya Kihispania kichwani na kujiamini kwa mtu wa miaka tisa. Nikajibu fasta bila hata kumeza mate, este año he tenido muchos sucesos. Akanyamaza. Akasogea kwenye kamera, kwa mara ya kwanza nikauona uso mzima, afu akaniuliza taratibu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa, pero ¿estás bien?, ¿qué te ha pasado? Yani wewe mzima kweli, umepatwa na nini.

Kumbe suceso sio mafanikio. Nililichukua neno la Kiingereza nikalivalisha kanzu ya Kihispania nikalitoa barazani, hakuna aliyenituma. Suceso ni tukio, na kwenye magazeti ya Hispania ukurasa wa sucesos ndio ule wa ajali, wizi na watu kuchomana visu, kwa hiyo mama wa watu alisikia mwanafunzi wake amekuwa na mwaka wa misiba mfululizo. Mafanikio kwa ujumla ni éxito, na jambo moja moja ulilolifanikisha ni logro. Akanieleza, tukacheka, nikaandika kwenye daftari na kupigia mstari mara mbili.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Dakika tano baadaye anataka tuandike sentensi kwenye chati, naandika umri wangu na kibodi yangu haina ile n yenye kofia, naweka tengo 31 anos. Sitaeleza kwa urefu. Año ni mwaka, ano bila kofia ni lile tundu la kwenye sehemu ya mwili unayoikalia, na mimi nimemwandikia mwanamke wa makamo kwamba ninayo 31. Kinachouma ni kwamba sauti yenyewe tunayo toka utotoni, ni ny ile ile ya nyota na nyumba, hakuna cha kujifunza hapo zaidi ya kutafuta kitufe. Ukijifunza kuongelea mwaka uliopita na mwaka ujao hilo neno utaliandika mara mia, kwa hiyo kabla ya kitenzi chochote nenda kwenye setingi za simu uweke kibodi ya Kihispania. Mimi niliiweka jioni ile ile.

Sasa tuje kwenye vitenzi, maana ndipo nilipopotea na ndipo nilipojipata.

Vitabu vyote nilivyokuwa navyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotokea Kiingereza, kurasa na kurasa za kueleza tofauti ya he aprendido na aprendí, michoro ya mistari ya muda, mishale, kichwa kinauma. Nilikuwa nasoma kama roboti hadi siku moja nimekaa zangu namsimulia mdogo wangu kitu kwa Kiswahili, nasema nimesoma, nikasema nilisoma, nikashtuka. Si ndo hicho! Nimejifunza ni he aprendido. Nilijifunza ni aprendí. -me- na -li-. Sijajifunza bado ni todavía no he aprendido, na hiyo -ja- yetu ambayo wageni wanalia nayo wakijifunza Kiswahili, hapa inakaa mahali pake kama imepimwa na fundi. Nimeshajifunza ni ya he aprendido, ile -sha- ni ya yao. Yani miezi yote ile nahangaika na mishale ya vitabu kumbe tofauti yenyewe naitumia kila siku nikiongea na ndugu zangu.

Kwa hiyo kwa wiki mbili nikawa mfalme. He leído cuatro libros, nimesoma vitabu vinne. He escrito un diario. He conocido a mucha gente. Todavía no he hablado con un desconocido, bado sijaongea na mtu nisiyemjua. Nikawa natafsiri kichwani -me- kuwa he, -li- kuwa ile ya mkia wenye alama, leí, escribí, conocí, na ilikuwa inakubali karibu kila mahali.

Karibu. Somo moja nimetoka kazini hoi, profe ananiuliza habari, nikasema he cansado. Nimechoka, sindio? Akaniuliza ¿a quién? Umemchosha nani? Maana he cansado peke yake inasikika kama nimemchosha mtu fulani na sijamtaja. Hapo ndo nikajua -me- yetu ina sura mbili na Kihispania kinazitenganisha bila huruma. Kuna -me- ya jambo lililokwisha tendeka, nimesoma, nimeandika, nimefungua, hiyo inaenda na he. Na kuna -me- ya hali uliyomo sasa hivi, nimechoka, nimekaa, nimesimama, nimelala, hiyo inaenda na estar, estoy cansado, estoy sentado, estoy de pie, na ukiwa mwanamke estoy cansada, estoy sentada. Nimeoa pia, kama unamaanisha una mke basi estoy casado, ukisema me he casado watu watakupongeza na kuuliza harusi ilikuwa lini. Na ujue kitu kingine hapo hapo, kile kitenzi kikikaa na he hakibadiliki hata dunia ipinduke, dada yangu ha escrito, dada zangu han escrito, barua ni za kike na ni nyingi lakini ni he escrito las cartas, sio escritas. Sisi watoto wa ngeli tunapenda kila kitu kikubaliane na mwenzake, kitabu kimesomwa vitabu vimesomwa, kwa hiyo mkono ulikuwa unanituma kuandika escritas kila mara na ilinichukua muda kuutuliza.

Afu kuna hili la jana. Sisi tukiongea mtu anasema jana nimemuona fulani na wala hakuna anayemshangaa, -me- na jana zinakaa meza moja. Kihispania cha profe wangu hakitaki. Ayer he visto, hapana, ayer vi. Ukishataja muda uliofungwa, jana, wiki iliyopita, 2019, miaka miwili iliyopita, basi he inatoka na inaingia ile fupi. He inaishi kwenye muda ambao mlango wake uko wazi bado, leo, wiki hii, mwezi huu, mwaka huu, maishani mwangu.

Na hapa ndipo profe alinieleza kitu ambacho ndicho kilichonifanya niipende hii mada hadi leo. Kule kwao usiku wa tarehe 31 Desemba, Nochevieja, watu wanakaa mbele ya tivii kutazama saa ya Puerta del Sol pale Madrid, kila mtu na zabibu zake 12 mkononi, na saa ikigonga mara 12 unakula zabibu moja kwa kila mlio, kama sekunde tatu hivi kati ya mlio na mlio, ukizimaliza zote kwa wakati una bahati ya mwaka mzima. Kuna na mtego, kabla ya ile milio 12 saa inatoa kwanza milio ya robo, wanaiita los cuartos, na kila mwaka kuna mtu anachanganyikiwa anaanza kutafuna mapema anabaki na mashavu yamejaa. Sasa akasema, ukila zabibu ya kwanza bado unaweza kusema este año he aprendido mucho, mwaka huu nimejifunza mengi. Ukimeza ya 12, kitu kile kile, mtu yule yule, kiti kile kile, inabidi useme el año pasado aprendí mucho. Hujafanya chochote zaidi ya kumeza zabibu na kitenzi chako kimebadilika.

Nililala nikiiwaza hiyo. Kiswahili pia kinafanya hivyo, mwaka huu nimejifunza, mwaka jana nilijifunza, ila nilikuwa sijawahi kuisikia ikigonga kama mlango.

Basi mwaka 2023 katikati yule mama akapunguza masomo, nikatafuta mwingine, nikampata profe wa Bogotá, Colombia, msichana mdogo kwangu kiumri lakini ananiita usted, ile wewe ya heshima, muda wote, mwanzo nilidhani nimemkosea kumbe huko Bogotá usted ni kawaida hata kwa watu waliozoeana. Somo la kwanza najitambulisha kwa majivuno, sentensi zangu zimenyooka, este año he aprendido, este mes he leído, hoy he desayunado, leo nimepata kifungua kinywa. Ananisikiliza anatabasamu. Afu anasema, unaongea kama mwalimu wa Hispania. Nikasema asante. Akasema haikuwa sifa.

Kwao, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, ile fupi ndo inayobeba mzigo. Este año aprendí mucho, hoy desayuné, ya terminé. Mwaka haujaisha, leo haijaisha, na bado wanaweka aprendí. Na sio wao tu, hata ndani ya Hispania kwenyewe, Galicia, Asturias, visiwa vya Canarias, watu wanapenda ile fupi pale ambapo mtu wa Madrid angeweka he. Ukienda Bolivia utakutana na watu wanaofanya kinyume chake, wanaweka he mpaka kwenye jana. Nikajisikia kama mtu aliyenunua ufunguo kwa bei afu anaambiwa huko mbele milango mingine inasukumwa tu.

Nilibishana naye mwezi mzima. Nilikuwa nimeshajenga nyumba yangu ya -me- na -li- na sasa anataka niihame. Mwishowe tukaelewana hivi, kwamba he yake anayo, lakini anaitoa akitaka kusema jambo limekuwa likiendelea na bado lina nafasi ya kuendelea, he trabajado mucho este año kwake ina ladha ya nimekuwa nikifanya kazi sana na sijapumzika bado. Ukisema nunca he ido anaelewa sijawahi kwenda, na naye anaweza kusema nunca fui au nunca he ido kutegemea. Ushauri wangu kwa anayeanza, chagua upande mmoja uukalie, wakikurekebisha wa upande wa pili tabasamu tu, hakuna atakayeshindwa kukuelewa. Mimi nimebaki na he yangu kwa ukaidi na yeye amebaki kunirekebisha kwa ukaidi.

Alichonisaidia zaidi huyu wa Bogotá ni ile -li- yetu, maana yule wa Valladolid alinitoa kwenye -me- lakini -li- ina shimo lake. Kiswahili nikisema nilisoma, hujui kama nilisoma siku moja nikamaliza au ndo ilikuwa tabia yangu, unasubiri sentensi inayofuata. Kihispania hakisubiri. Leí, nilisoma nikafunga kitabu. Leía, nilikuwa nasoma, ndo maisha yangu yalivyokuwa. Na huwezi kusimulia mafanikio bila hii ya pili, kwa sababu mafanikio yanahitaji kabla na baada. Antes me daba vergüenza hablar, zamani nilikuwa naona aibu kuongea, no entendía nada, nilikuwa sielewi kitu, y un día llamé por teléfono y entendí todo, afu siku moja nikapiga simu na nikaelewa kila kitu. Ile -a- ndefu ya kabla ni mazingira, ile fupi ya baada ni tukio lenyewe. Nikapata njia ya kujikumbusha, kama kwa Kiswahili ningesema nilikuwa na-, basi ni hii ndefu, kama ningesema nika-, basi ni fupi. Haikosei mara nyingi.

Na humo humo kuna poder, kuweza, ambayo imenigharimu. Niliweza kukimbia kilomita kumi. Kwa Kiswahili inatosha. Kwa Kihispania podía correr diez kilómetros ni kwamba nilikuwa na uwezo huo, huenda sijawahi hata kuvaa raba. Pude correr diez kilómetros ni kwamba nilijaribu na nikamaliza. Na upande wa pili, no podía ni hali haikuruhusu, no pude ni nilijaribu nikashindwa. Mimi nilikuwa naweka podía kila mahali kwa sababu inatamkika vizuri, na profe siku moja akaniambia kwa upole kwamba ukisikiliza mwaka wako wote ni mambo uliyokuwa na uwezo nayo. Akaniuliza, pero ¿lo hizo? Lakini ulifanya? Nikatoa macho.

Kuna jambo jingine la kiswahili swahili ambalo halihusu sarufi ila lilitokea kila Desemba. Mtu akikuuliza umefanikiwa nini sisi tunajibu tumejitahidi, tunashukuru Mungu, tunasogea. Tu-. Hatusemi mimi. Kwa hiyo nikawa nasema hemos intentado, hemos avanzado, na yule wa Valladolid alikuwa ananiuliza ¿quiénes?, nyie kina nani, wewe na nani mmesoma vitabu vinne? Ilinibidi nijifunze kusema he leído, mimi, peke yangu, na nakwambia kutamka logré kwa nafsi ya kwanza bila kuongeza kicheko mwishoni ilikuwa ngumu kuliko vitenzi vyote visivyofuata kanuni. Nilikuwa nahisi kama najisifia msibani. Afu lograr yenyewe ni rahisi kutumia, unabandika tu kitenzi kizima mbele yake, logré terminar, logré dormir, he logrado ahorrar, nimefanikiwa kumaliza, kulala, kuweka akiba. Conseguir ni hivyo hivyo. Ugumu haukuwa kwenye kitenzi.

Neno nililolipenda kuliko yote ni cumplir. Kwetu mtu anatimiza ahadi, anatimiza ndoto, anatimiza miaka thelathini. Kwao ni cumplir una promesa, cumplir un sueño, cumplir treinta años. Kitenzi kimoja kote, na sikuona mtu yeyote ameandika mahali kwamba sisi na wao tumewaza sawa hapo. Siku ya birthday yangu niliandika he cumplido 32 años, na kofia ya n ikiwepo, na ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kihispania niliyoiandika bila kuitafsiri kichwani kwanza.

Haya sasa, maazimio. Propósitos de Año Nuevo. Usiseme resoluciones, watakuelewa ila ni Kihispania kilichopita Kiingereza kwanza. Kulikuwa na faili moja mtandaoni ambalo nilianza na yule wa kwanza na nikamshirikisha wa pili, kila Desemba naandika humo nilichofanya na nitakachofanya. Desemba 2024 yule wa Bogotá, tukiwa tumemaliza mazoezi na nusu saa imebaki, akasema tusome maazimio yako ya miaka yote. Nikajua tu hapa pana mtego.

La Desemba 2022 lilisema En 2023 voy a presentarme al DELE A2, yani nitafanya mtihani wa DELE A2. DELE ni ile diploma ya Kihispania inayotolewa na Instituto Cervantes, ina ngazi kuanzia A1 mpaka C2, na voy a ni nitafanya, nimeshapanga, naenda. La Desemba 2023 likasema En 2024 quiero presentarme al DELE A2. Nataka. Na lile nililokuwa nimeandika dakika kumi zilizopita, bado mshale wa kompyuta unapepesa mwishoni, En 2025 me gustaría presentarme al DELE. Ningependa. Na ngazi yenyewe nimeisahau hata kuitaja.

Akasoma kimya. Afu akasema, mire, se le está desinflando el verbo. Angalia, kitenzi chako kinaisha upepo.

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Ila ni kweli na ipo pale pale imeandikwa kwa mkono wangu, miaka mitatu, azimio ni lile lile, kilichobadilika ni kitenzi tu na kila mwaka kinateremka ngazi moja. Tukaanza kuzipanga pamoja kutoka chini, me gustaría, ningependa, mtu anayeota juani. Quiero, nataka, watoto pia wanataka. Pienso ikifuatwa na kitenzi kizima, pienso estudiar, hii sio nafikiri kusoma, ni nimepanga, niliitumia vibaya mwaka mzima. Tengo la intención de, nina nia ya, nzuri kwenye barua. Voy a, nitafanya, ya kila siku. Me he propuesto, nimejiwekea. He decidido, nimeamua. Ona hizo mbili za juu kabisa, ni -me-. Unaongelea kesho lakini kitenzi kimeshafanyika, uamuzi umeshapita, limebaki tendo. Hiyo niliigundua mwenyewe na nilijivuna nayo mpaka akaniambia yeye angesema decidí.

Nikamuuliza kuhusu ile ya wakati ujao yenyewe, estudiaré, lo haré, mbona hatujaiweka. Akasema kwenye maongezi ya kawaida wanaiacha, voy a inatosha, na nyingine zaidi ile -ré mara nyingi inatumika kukisia. Estará en casa, itakuwa yupo nyumbani. Serán las ocho, itakuwa saa mbili. Nikaruka kwenye kiti, maana ndo ita- yetu hiyo hiyo, sisi pia tukibuni tunasema itakuwa amelala, itakuwa wameshafika, hatuongelei kesho kabisa. Kwa hiyo, akasema, mtu akiniambia estudiaré más, mimi nasikia ahadi nusu na makisio nusu. Hayo ni maoni yake, kwenye maandishi na kwenye ahadi nzito, te llamaré, nitakupigia, volveré, nitarudi, ile -ré ina heshima zake. Ila kwa mtu kama mimi mwenye rekodi ile niliona bora nikae nayo mbali.

Niongeze kimoja cha hatari kwenye maazimio, dejar de. Dejar de ikifuatwa na kitenzi ni kuacha, he dejado de fumar, nimeacha kuvuta. Ukiisahau ile de, he dejado fumar, umeruhusu uvutaji. Mimi niliandika kwamba mwaka ule he dejado perder el tiempo nikidhani natangaza nimeacha kupoteza muda. Nadhani hata kwa makosa yake sentensi ilikuwa na ukweli wake. Ndugu zake ni empezar a, kuanza, na volver a, kufanya tena, he vuelto a estudiar, nimerudi kusoma, ambayo kwa watu wa aina yangu ndo azimio linalotumika kuliko yote. Na seguir inakaa na ile ya -ndo, sigo aprendiendo, naendelea kujifunza, ukipenda kujibu swali la mafanikio bila kutaja lolote basi hiyo ni dawa, tumesogea ya Kihispania.

Halafu llevo. Mwanzo nilikuwa nasema he estudiado español por tres años na inaeleweka, ila wenyewe wanasema llevo tres años estudiando, nabeba miaka mitatu nikisoma. Nabeba. Ukiwa na faili kama langu mbele ya macho hicho kitenzi kinakaa penyewe.

Profe alinisimulia pia kwamba kwao kuna watu usiku wa mwaka mpya, zabibu zikiisha, wanachukua sanduku la safari, mara nyingine tupu, wanalizungusha mtaani mbiombio ili mwaka unaokuja wasafiri. Nikamuuliza umewahi kulizungusha? Akasema kila mwaka. Na umesafiri? Akasema al final no. Akanieleza hapo hapo tofauti, por fin ni hatimaye ya kushusha pumzi, por fin viajé, hatimaye nimesafiri, ulikuwa unaisubiri. Al final ni mwishowe tu, mambo yakaenda yalivyoenda, al final no fui. Maazimio mengi, akasema, yanaanza na voy a na yanaisha na al final no.

Tulifuta ile sentensi ya me gustaría. Hakunishauri niandike nini, alisubiri. Niliandika me he propuesto, nikafuta, nikaandika he decidido, nikafuta, mwisho nikaacha nafasi tupu nikamwambia nitaijaza nikishajisajili. Akasema bueno, kwa ile sauti yao ambayo unaweza kuisoma vyovyote.

Nafasi ilikaa tupu Januari yote na Februari yote. Kila nikifungua faili naiona, kama jino lililong'oka. Afu siku moja usiku, wala sikuwa na hamasa yoyote, nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye intaneti, nikaishia kwenye ukurasa wa kujisajili, nikajaza jina, nikajaza tarehe ya kuzaliwa, nikachagua A2, nikalipa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika azimio lake. Nikafungua faili nikajaza, me he inscrito, nimejisajili, na hiyo nayo haifuati kanuni, inscrito sio inscribido, ni ya kundi la escrito, hecho, visto, puesto, roto, abierto, vuelto, na ukiangalia vizuri mambo mengi ya maana ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa mwaka, kuandika, kuona, kufungua, kurudi, yote yamo humo, yani mafanikio yenyewe ni magumu na vitenzi vyake pia.

Nikampigia picha ya skrini profe nikamtumia. Hakuchelewa. Akaandika ¡por fin!, afu chini yake me inscribí, afu kabla sijaanza kubishana ikaingia meseji ya tatu, ¿y ya empezó a estudiar? Na umeshaanza kusoma?

Nikamjibu todavía no.